Namna ya Kumwambia Baba Zena

Leo ninaweza kutamka jina la ugonjwa huu bila kushusha sauti: kaswende. Ilinichukua muda mrefu kufika hapo. Katika muda huo nilizika mtoto, nikachomwa sindano tano, na zikapita wiki nyingi bila mtu wa kula naye sahani moja ndani ya nyumba yetu. Ninamwandikia mwanamke aliyeambiwa leo, ambaye ana karatasi mkononi na hajui ataanzaje kumwambia mume wake. Mimi nilianza vibaya, nikarudia vibaya, na mambo mengi yaliamuliwa nikiwa nimekaa tu nayatazama.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kasongo. Nina mashine moja ya kukanyaga, naiweka barazani, na kazi yangu kubwa ni nguo za shule, bluu na nyeupe, kila inapokaribia mwezi wa tisa. Tunakaa katika nyumba aliyoiacha baba mkwe wangu, pamoja na mama mkwe, Mama Mwamini. Mume wangu ni Sumaili. Mimi namwita Baba Zena, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Ni mchuuzi: anachukua sabuni, betri, chumvi na viatu vya mpira, anavipeleka Kabambare ambako ana kibanda, kisha Salamabila kwa wachimba dhahabu. Njia ile pikipiki inazama tope mpaka ekseli, mtu hawezi kwenda na kurudi kila wiki. Kwa hiyo anakaa huko miezi mitatu, minne, halafu anakuja nyumbani siku kumi. Zena nilimzaa kabla hajaanza safari hizo. Alitoka na kilo zake zote, na alilia mpaka jirani wa upande wa pili akaja kuuliza.

Mimba ya pili ilipofika miezi minne, ilikuwa mwezi wa mfungo, viganja vyangu vilitoka madoa mekundu yenye rangi ya shaba. Hayakuwasha. Yakatoka na kwenye nyayo. Nikasema ni sabuni, nikabadilisha sabuni. Nywele nazo zikaanza kubaki kwenye kitana, nikawa na vipara vidogo nyuma ya masikio, nikafunga kitambaa. Wanawake wenye mimba wana mambo mengi ya mwili, hakuna aliyeniuliza. Baada ya wiki kadhaa vyote vilitoweka vyenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikaendelea kushona.

Kiangazi kilipoingia, mtoto aliacha kucheza. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilikaa siku mbili nikimsubiri. Nilikunywa maji ya sukari, nikalalia upande huu, nikalalia upande ule, nikamwimbia. Siku ya tatu nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia, na ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Mama Mwamini ndiye aliyemfunga, alinikataza kumwangalia tena. Alipotoka kuwapa wanaume waende kuzika, alisema, "Iko mutu ametufanyia hii." Baba Zena alikuwa Salamabila. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshakauka juu. Alikaa siku nyingi nyumbani safari ile, hakusema mengi, alikuwa akiamka na kwenda kukaa peke yake nje. Nilifikiri ni huzuni tu.

Mwisho wa mwaka alikuja tena, nikapata mimba nyingine. Safari hii sikungoja. Mwezi wa tatu nilikwenda kwenye kituo cha afya, siku ya kupima wenye mimba.

Mtu ambaye hajakaa kwenye benchi zile hajui zinavyochosha. Unafika jua halijachomoza vizuri, unaweka fishi yako, kadi ya kliniki, juu ya nyingine, unatobolewa kidole, halafu unakaa. Tulikuwa wanawake kama thelathini, matumbo ya kila kipimo. Fishi zilikuwa zinarudi dirishani moja moja, mtu anaitwa, anachukua, anaondoka. Waliokuja baada yangu walichukua zao. Fishi yangu haikurudi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, mkulima wa kutoka vijiji vya nje, aliniambia labda imeanguka. Nilikubali kwamba imeanguka.

Muganga wa pale ni mwanamke mtu mzima, tunamwita Mama Feza. Alitokea mlangoni, hakuniita kwa sauti, alinionyesha tu kwa mkono. Chumba chake kina mlango usiofunga vizuri. Alinikalisha kwenye kiti, yeye akasimama na kuegemeza mgongo kwenye mlango ili usifunguke.

"Mama Zena, damu yako iko na kaswende. Iko na dawa, na inapona. Umesikia? Inapona."

Nilikuwa nimesikia lile neno la kwanza tu.

"Yule mutoto wa kiangazi," nikasema.

"Inawezekana ilikuwa hiyo. Sasa tunataka huyu asifuate njia ile."

Alinieleza: sindano tatu, moja kila Jumatano. Ya kwanza alinichoma siku ile ile. Dawa yake ni nyeupe, nzito, inaingia polepole kwenye tako, na mguu mzima unakuwa kama wa mtu mwingine. Halafu alinipa vitu viwili. Kimoja ni karatasi ndogo yenye mistari, haina jina langu, imeandikwa tu kwamba anayeileta apimwe na atibiwe. Kingine ni kapoti, yaani kondomu, zimefungwa ndani ya gazeti.

"Hiyo karatasi ni ya bwana. Mpaka naye apate dawa, musilale bila hizi. Ukipona wewe na yeye asipone, atakurudishia. Na mutoto yuko ndani."

"Nitamwambia nini, mama?"

"Usianze na 'wewe'. Anza na 'sisi'. Na umwambie muchana, mumekaa, si kwenye kitanda."

Nilirudi nyumbani nikishika nyua za watu. Karatasi na kapoti niliziweka chini ya droo ya mashine, kwenye vifungo na uzi. Siku zilizofuata nilikuwa nafanya mazoezi. Nikikanyaga mashine, kelele yake inanifunika, nasema taratibu: Baba Zena, sisi tuko na ugonjwa. Baba Zena, walitupima. Baba Zena, iko jambo letu. Zena aliniuliza naongea na nani.

Nilijaribu simu pia. Hapa kwetu simu inashika vizuri mahali pachache, na mahali hapo watu wanasimama bega kwa bega, kila mmoja anapiga kelele na wa kwake. Nilimpata. Nilisema, "Baba Zena, iko jambo la hospitali." Akashtuka, "Zena?" Nikasema hapana. "Mimba?" Nikasema mimba iko sawa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa amemaliza kuongea na simu yake, anatazama tu. Nikafunga mdomo. Baba Zena akasema, "Basi tutaongea nikifika. Nakuja kwa Idi."

Alifika siku tatu kabla ya Idi, tope mpaka magotini. Zena alimrukia hivyo hivyo. Alikuwa amebeba kitenge changu, na dawa za kuongeza damu kwa ajili ya mimba, alizozitafuta mwenyewe. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe siku ya kwanza. Angefika na ukali ningeweza kusema. Siku ya pili wageni walijaa. Siku ya Idi mama mkwe alipika tangu asubuhi, wali na kuku, watu wanaingia na kutoka, na mimi natembea na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyeumwa jino. Siku hizo zote nilimwambia tumbo linavuta, anihurumie. Alinihurumia.

Siku iliyofuata Idi, baada ya sala ya adhuhuri, alikaa barazani anashona mkanda wa begi lake uliokatika. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa ndugu zake. Nilikaa mkekani mbele yake.

"Baba Zena, walitupima damu."

"Walitupima na nani? Mi nilikuwa Salamabila."

"Walinipima mimi. Lakini jambo ni letu. Sisi tuko na kaswende."

Sindano yake ilisimama. "Sisi?"

"Ndiyo."

"Nani amekupa?"

Katika mazoezi yangu yote sikuwa nimefika kwenye swali hilo. Nilisema, "Mi sitoki humu ndani. Unajua."

"Najua nini? Mi niko mbali. Ni damu ya nani walikuta nayo? Ni yangu?"

Damu ilikuwa yangu. Aliyetangulia kupimwa ndiye aliyeshikwa. Nilileta karatasi, hakuigusa. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, akaigeuza. "Niangalie. Mi siko mugonjwa." Nilipofungua lile gazeti lenye kapoti, alisimama kabisa.

"Hizi unaingiza ndani ya nyumba ya baba yangu? Hizi ni za wanawake wa kule machimboni."

Baadaye, peke yangu, ndipo nilipojiuliza amejuaje. Wakati ule nilikuwa nalia tu.

Alikaa siku mbili haniongeleshi. Siku ya tatu alikuwa mpole. Aliniambia nikimkataa, basi atajua kweli nina mtu mwingine, na nyumba imekwisha. Nilikuwa na dawa ya sindano mbili mwilini, na maneno yote ya Mama Feza kichwani, na sikupata hata moja la kuweka mbele ya hilo. Nilimkubali bila kapoti. Sitaandika zaidi ya hapo. Ila nataka mwenzangu ajue kwamba ilitokea, na kwamba mtu anaweza kujua kila kitu na bado ikatokea.

Jumatano nilikwenda kwa sindano ya tatu. Mama Feza alikuwa ameshavunja kichupa.

"Bwana alikuja?"

"Alikuja."

"Alipata dawa?"

"Hapana."

"Mulilala?"

Nilitazama ukuta. Alirudisha kichupa kwenye sinia, akakaa kwenye kiti kingine. Nilingoja anigombeze. Alichosema ni, "Basi tunaanza tena. Hii ya leo ni ya kwanza." Akanichoma. Nilipokuwa bado nimelala kifudifudi nalia, alikata andazi lake katikati, akaniwekea nusu karibu na mkono. Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Baba Zena alirudi Kabambare bila kupimwa. Kabla ya kuondoka alimwambia mama yake kwamba damu yangu ni chafu. Sikuwepo alipomwambia, lakini nilijua siku ile ile, kwa sababu Mama Mwamini alinitengea kikombe cha plastiki cha kijani, na sahani, na akamkataza Zena kukalia mkeka wangu. Hakunitukana. Alisema kwa jirani, mimi nikisikia, "Simufukuzi. Nangoja azae tu." Kitambaa cha nguo za shule kilichozoea kuletwa kwangu mapema kilianza kupita mbele ya baraza kikienda kwa fundi mwingine. Mvua zilikuwa zinanyesha kila alasiri. Nilikaa mbele ya mashine isiyo na kazi, mkono juu ya tumbo, nangoja mtoto acheze. Akicheza, napumua. Akikaa kimya, naanza kuhesabu. Usingizi ulinikataa, mguu uliochomwa ulikuwa unavimba, na miezi ile nilipungua mwili badala ya kuongezeka.

Nilimaliza sindano tatu za mara ya pili. Mama Feza alisema, "Sasa wewe uko sawa. Lakini akirudi, tutarudi palepale. Mi sina dawa ya kumufikia kule aliko." Alisema hivyo kama mtu aliyechoka, na nikaona kwamba yeye pia ameshindwa. Nilimuuliza, "Nikimufuata?" Aliangalia tumbo langu. "Kwa pikipiki? Na njia ile?" Hakusema ndiyo, na hakusema hapana.

Mvua zilipokata, wiki ya kwanza ya kiangazi, niliondoka. Nilipata motari wa pikipiki, mtu mzima anayejulikana kwa kwenda polepole, baba wa Kikristo mwenye shamba la mpunga nje ya mji. Zena nilimwacha kwa bibi yake. Mama Mwamini hakuniuliza naenda wapi, alinifungia tu mihogo ya njiani kwenye majani. Mahali pabaya motari alinishusha, nikatembea, yeye anasukuma. Tulilala Lusangi kwa watu anaowajua. Mama wa nyumba ile alinipashia maji ya kuoga bila kuniuliza chochote, na mpaka leo sijui jina lake. Njia nzima sikufanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimeshajua kwamba hayasaidii.

Kibanda cha Baba Zena Kabambare kiko karibu na soko. Aliponiona nashuka, aliruka. "Zena?"

"Zena muzima."

"Basi unafanya nini hapa na tumbo hilo?"

Aliniingiza kwenye chumba cha nyuma, kati ya magunia ya chumvi. Nilitoa karatasi nikaiweka juu ya gunia. Sikusema "sisi", sikusema "wewe". Nilisema, "Nimechoka, Baba Zena. Sitaki kuzika mwingine."

Aliitazama ile karatasi. Halafu akafungua kopo lake la bati anamoweka kadi ya mpiga kura na risiti za ushuru, akapekua chini, akatoa karatasi ndogo yenye mistari, imekunjwa mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Aliiweka kando ya yangu. Ilikuwa ile ile.

"Walinipa Salamabila," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya yule mutoto. Mimba yako ilikuwa ya miezi miwili."

Nilikaa juu ya chumvi. Alizungumza akitazama chini. Kulikuwa na mwanamke kule, muuza chakula. Alipata kidonda, akaenda kwa muganga wa pale machimboni, akaambiwa achomwe sindano na amlete mke wake. Sindano aliiogopa, akanunua vidonge kwa muuza dawa wa kutembea, akameza siku tatu. Kidonda kilikauka. Akajiambia imekwisha.

"Kila nikija nyumbani nilikuwa nayo mufukoni," akasema. "Nasema leo. Halafu nakuona unacheka na Zena, nasema kesho. Mutoto alipokufa nikajua. Nikasema sasa siwezi tena hata kidogo."

Nilimuuliza, "Na siku ile baada ya Idi? Uliponiuliza nani amenipa?"

Hapo alianza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata juu ya kaburi.

"Niliona ni wewe utaniuliza. Nikatangulia."

Watu wananiuliza nilimfanya nini. Sikumfanya kitu. Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele. Nilikuwa nahesabu miezi: ile miezi mitano, kila Jumatano iliyopita ndani yake, na mahali ambapo sindano moja ingeweza kuingia. Nilihesabu mpaka mwisho, nikaanza tena. Mtoto wangu wa tumboni alikuwa anacheza kwa nguvu, amechokozwa na safari.

Kesho yake tulikwenda hospitali pamoja. Alikuwa mwanaume peke yake kwenye benchi la wanawake, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na wanawake wanamwangalia pembeni. Tulingoja mpaka saa nane ya mchana. Mara mbili alisema anakwenda kuangalia kibanda, mara mbili nilimshika shati. Walipomchoma, alitoka amepauka, akashika ukuta, akakaa chini. Nilimletea maji. Nilitegemea nitafurahi, na sikufurahi. Nilimwonea huruma, na nilichukia kwamba ninamwonea huruma.

Nilikaa Kabambare wiki tatu, mpaka sindano yake ya mwisho. Nililala kitandani, yeye juu ya magunia. Siku ya kwanza nilimwambia mchana, tumesimama, watu wanapita nje: "Mpaka ya tatu ikwishe, na muganga aseme, hakuna. Baada ya hapo, ukitoka safari, tunapima kwanza. Tusipopima, ni kapoti." Alisema sawa. Ilikuwa rahisi sana, nikakaa kushangaa. Maneno yale yale yalikuwa yameshindwa Kasongo, na sikuwa nimejifunza kuyasema vizuri zaidi. Kilichobadilika ni kwamba yeye hakuwa tena na kitu cha kuficha. Nilimwambia pia amwambie yule mwanamke muuza chakula, kwa sababu na yeye ana mwili na labda ana mtoto. Aliahidi. Sijui kama alimwambia. Ninamfikiria mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Tulirudi Kasongo pamoja. Jioni ile ile alikaa mbele ya mama yake anayechambua majani ya sombe, akasema, "Mama, ni mimi nilileta ile ugonjwa. Si yeye." Mama Mwamini hakuinua kichwa. Alimaliza fungu lile la majani, akasema, "Weka kuni, moto unazimika." Hakuniomba msamaha, wala hajaniomba mpaka leo. Lakini chakula kilipoiva, alipakua sahani moja, akaisukuma katikati yetu, akanawa.

Mtoto alizaliwa mvua za kwanza ziliporudi, nguo za shule zilizokuwa zimeanza kurudi kwangu zikiwa hazijashonwa hata nusu. Msichana, mdogo, na alilia. Nilipomsikia nilimwomba Mama Feza amwache alie kidogo zaidi. Kwa kuwa nilikutwa na ugonjwa katika mimba na tuliwahi kuanza sindano upya, alisema mtoto naye achomwe, siku kumi, kila asubuhi. Paja lake halikuwa nene kuliko duara la dole gumba langu na kidole vikikutana. Siku ya kwanza nilishindwa kumshika, nilitoka nje nikaziba masikio. Siku ya pili Mama Mwamini alifika kituoni kabla yangu. Alikaa kwenye kiti, akamlaza mtoto magotini, akamshika mguu kwa vidole viwili, akamwambia muganga, "Choma." Alikuja siku zote zilizobaki. Tulimwita mtoto Riziki.

Yapo mambo ambayo hayakurudi. Kipimo kile cha haraka bado kinaonyesha mstari wangu, na wa Baba Zena pia, ndiyo maana akitoka safari anapimwa kwa kingine cha maabara. Mama Feza alinieleza kwamba kinaweza kubaki hivyo maisha yangu yote hata kama nimepona, kwa hiyo nikienda kwingine nieleze mapema, wasinitibu upya bure wala wasinitazame vibaya. Upande mmoja wa kiuno unaniuma kukiwa na baridi. Na yule wa kiume alizikwa bila jina, kwa sababu ya karatasi iliyokaa mfukoni. Baba Zena ameniuliza mara mbili kama nimemsamehe. Mara zote mbili nilikuwa na kitu cha kufanya jikoni.

Wewe uliye na karatasi leo, sina maneno ya kumlazimisha mwanaume. Ningekuwa nayo ningekuandikia. Ninachojua ni kidogo. Chomwa sindano zako hata kama yeye amekataa, usizikatishe. Mwambie muganga ukweli kuhusu kilichotokea nyumbani, hata kama unaona haya, kwa sababu ningemdanganya Mama Feza Jumatano ile, Riziki asingekuwepo. Ukiweza, muende pamoja, mkae benchi moja. Na akikuuliza nani amekupa, usikae na swali hilo miezi kama nilivyokaa mimi. Mara nyingine anayeuliza analijua jibu.

Baba Zena alirudi kwenye biashara yake, hatuna nyingine. Safari mbili za kwanza alitimiza: alifika, akapitia kwa Mama Feza na tope lake, akapimwa, ndipo akaja nyumbani. Nilianza kulala vizuri.

Juma lililopita nilikuwa sokoni nanunua uzi, Riziki mgongoni, akapiga simu. Aliuliza watoto, aliuliza mama, aliuliza mvua. Halafu akauliza mvua tena.

"Mama Zena, nikifika, tutumie kapoti."

Hakuwahi kulitamka neno lile mbele yangu. Muuza uzi alikuwa ananinyooshea rangi mbili nichague.

"Lini?" nikauliza.

"Mwezi uliopita. Mara moja. Nimeshapita kwa muganga, nimechomwa juzi. Nilitaka ujue mbele sijafika."

Nilisimama pale. Kwa muda wote ule nilichokuwa nimemwomba ni hiki: aniambie, aniambie mapema, asiningojee mpaka nijue kwa mwili wangu. Sasa ameniambia. Nilitafuta neno la kumtukana, na nilitafuta neno lingine, na simu ilikuwa bado imeshika, namsikia anapumua kule aliko.

"Aksanti," nikasema, nikachagua uzi wa bluu.